Bwana Nyama Yangu na Bunduki Zake katika Nchi ya Meru

Ukimtajia Mpwani wa leo jina la Meru, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye miraa. Hana makosa. Maua na Laare tunayajua kwa sababu ya mafungu yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na wako vijana wetu wasioweza kukuonyesha Mlima Kenya uko upande gani lakini wakakutajia aina zote za mche huo na bei zake. Lakini miaka mia moja na zaidi iliyopita, kilichoshuka kutoka milima ya Nyambene kuja Mombasa kilikuwa kitu kingine, nacho hakikuja kwa gari. Zilikuwa ni pembe za ndovu, na zilishuka juu ya mabega ya babu zetu.

Mmoja wa watu waliozishusha pembe hizo kwa wingi alikuwa Mwingereza mkimya, jina lake Arthur Henry Neumann. Wapagazi na wenyeji wa bara walimpa jina la Kiswahili ambalo halihitaji mkalimani: Nyama Yangu. Wasomaji wengi watakuwa wamesikia habari za kina Selous, Baker na wawindaji wengine waliosifiwa katika vitabu vya Kizungu. Huyu nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maisha yake hayasimuliki bila watu wa Mombasa. Ya pili ni kwamba sijasoma habari za mtu aliyefungamana na bunduki yake namna ile, akaipenda, akaijua kila msumari wake, na hata hivyo ikamsaliti siku aliyoihitaji kuliko siku zote.

Alizaliwa mwezi wa Juni 1850, huko Hockliffe katika jimbo la Bedfordshire, Uingereza, baba yake akiwa kasisi wa kanisa la kijiji. Hakuwahi kuwa mtoto wa mjini. Kabla ya kutimiza miaka ishirini alikwisha panda meli kwenda Natal, Afrika ya Kusini, akajaribu kulima, akajaribu kufanya biashara katika nchi ya Waswazi, akajifunza lugha za huko. Vita vya Waingereza na Wazulu vilipozuka mwaka 1879 alitumika pamoja na askari wa Kiswazi. Katika miaka hiyo ndipo alipojifunza kuwinda. Kilimo hakikumtajirisha na biashara hali kadhalika. Alikuwa mtu wa haya, asiyependa mikusanyiko wala maneno mengi, na nafikiri porini alipata kitu ambacho watu hawakuweza kumpa.

Alifika pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati ule ambapo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kodi mwambao kutoka kwa Sultani wa Unguja. Mwaka 1890 Kampuni ilimwajiri katika kazi ya kupima njia ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Baadaye akarudi kusini kwa muda mfupi kuwa hakimu katika nchi ya Wazulu. Kazi ya ofisi haikumweka. Mwisho wa mwaka 1893 alikuwa Mombasa tena, safari hii kwa fedha zake mwenyewe, akiandikisha wapagazi kwa ajili ya kuwinda ndovu.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwani habari za safari kama hizi huandikwa kama kwamba Mzungu alikwenda peke yake. Msafara wa siku zile ulikuwa mji unaotembea. Walikuwamo mnyapara, askari wenye bunduki za Snider, mpishi, watumishi, wachukua bunduki, na wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa ratili sitini au zaidi kidogo, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake na bunduki yake. Chakula kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku kinapopatikana. Mizigo yenyewe ilikuwa marekani, ushanga na nyaya za shaba nyekundu na nyeupe, ndizo fedha za bara, na kila kabila lilikuwa na ushanga wake ulio katika mtindo. Ukibeba ushanga wa rangi ya mwaka jana umebeba mawe. Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu wa Mombasa, Unguja na mrima, nao ndio waliojua haya yote. Mzungu alijua kulenga shabaha.

Njia ya kwenda kaskazini ilipita Ukambani. Ukiisha kuvuka Mto Tana, Mlima Kenya unakuwa mkono wako wa kushoto, na mbele yako ziko nchi za Embu na Mbeere, kisha Chuka, na kisha Meru yenyewe mpaka milima ya Nyambene. Serikali haikuwako huko. Waingereza hawakuitiisha Embu mpaka vita vya mwaka 1906, na kituo chao cha Meru hawakukifungua mpaka 1908. Kwa hiyo Neumann alipoingia katika nchi hizo aliingia kwa idhini ya wazee wa pale, au hakuingia kabisa. Tauni ya ng'ombe ilikuwa imepita miaka michache nyuma na kufyeka mifugo ya Afrika ya Mashariki nzima, na wageni wenye bunduki hawakuwa na sifa njema.

Aliweka kambi yake kuu Muthara, upande wa kaskazini wa Nyambene, mahali ambapo nchi ya mashamba inakwisha na nyika ya Samburu inaanza. Mzee mmoja wa huko, aitwaye Ndaminuki, alimkubali, wakachanjiana damu kuwa ndugu. Sisi wa pwani tunaifahamu desturi hiyo, ingawa masheikh wetu hawaipendi. Neumann hakuichukulia kama mchezo. Aliweka akiba yake chini ya ulinzi wa ndugu yake huyo, akaenda zake nyikani kwa miezi, na aliporudi aliikuta. Nyikani alifuatana na Wandorobo, mabingwa wa kufuata nyayo, ambao wao wenyewe walikuwa wakimwinda ndovu kwa mkuki mzito wenye sumu. Mapatano yao yalikuwa mepesi: wao wamwonyeshe ndovu, yeye achukue pembe, wao wapate nyama.

Sasa nije kwenye bunduki zenyewe, maana hapo ndipo ilipokuwa roho ya mtu huyu.

Wakati huo ulikuwa wakati wa mageuzi makubwa katika ufundi wa silaha. Wawindaji wa zamani walimpiga ndovu kwa bunduki nzito kama mzinga mdogo, zenye kushindiliwa baruti nyeusi kwa wingi, zikipiga mrindimo wa kumwangusha mpigaji mwenyewe na kutoa wingu la moshi ambalo humfichia asimwone mnyama, hali mnyama anajua vema moshi ulikotokea. Neumann alikuwa nayo bunduki ya namna ya zamani iliyotengenezwa upya: mitutu miwili ya unene wa inchi 0.577, yenye kuvunjwa katikati na kutiwa fataki mbili. Lakini bunduki aliyoipenda ilikuwa ile ya jeshi la Uingereza, Lee-Metford, iliyokubaliwa mwaka 1888. Mtutu wake ulikuwa mwembamba, inchi 0.303 tu, na risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 14 hivi. Ukiiweka kando ya risasi ya ile nyingine utadhani ni mchezo wa watoto.

Wenzake waliona ni wazimu kumwendea ndovu na kitu kama hicho. Yeye alikuwa amefanya hesabu yake. Baruti mpya iitwayo kodaiti haikuwa na moshi na ilikuwa na nguvu nyingi. Risasi ndogo, ngumu, iliyovikwa ganda la madini na isiyofumuka, ilipenya mbali kuliko donge kubwa la risasi laini. Ila hukumu yake ni kwamba lazima uipeleke mahali pake. Pa kupiga ni ubongo au moyo. Nje ya hapo umemtonesha tu mnyama na kumkasirisha. Basi mtu mwenye bunduki ya namna hii hulazimika kumkaribia ndovu mpaka asikie tumbo lake likinguruma, na kusubiri ageuke. Miaka michache baadaye Mskochi W. D. M. Bell, aliyejulikana kwa jina la Karamojo, alishika njia hiyo hiyo ya risasi ndogo, akaua ndovu zaidi ya elfu moja.

Kununua bunduki kulikuwa kazi ya siku moja London kwa mwenye fedha. Kuitunza ndiko kulikokuwa kazi ya kila siku. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, na usiku mmoja wa ukungu wa Nyambene unatosha kuutia mtutu kutu. Ilibidi umiminwe maji ya moto, upitishwe kitambaa mpaka kitoke cheupe, ndipo upakwe mafuta. Kodaiti nayo ilikuwa na ubaya wake uliojificha. Joto lake kali lilikula mifereji ya ndani ya mtutu, ile mifereji isiyo na kina aliyoibuni Metford, hata Waingereza wakalazimika kuibadili mwaka 1895 na kuiita bunduki hiyo Lee-Enfield. Fataki zilitunzwa ndani ya masanduku ya bati. Vumbi likiingia kwenye mtambo, kikomeo kinakwama. Marehemu ami yangu alikuwa na gobori la kufukuzia nguruwe shambani, na nilipokuwa mdogo nilimwona akilisugua kila Alhamisi jioni kama anayemwogesha mtoto. Kwa hiyo naweza kukisia ilivyokuwa kambini Muthara baada ya alasiri, wachukua bunduki wamekaa kitako na vitambaa vyao, na Bwana mwenyewe akikagua.

Niseme pia kwamba bunduki nzuri hizo hazikuwa za kila mtu. Kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikatazana kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mzungu aliruhusiwa kwa cheti. Mwafrika na Mwarabu waliachiwa magobori ya gumegume. Mkataba huo uliandikwa kwa jina la kukomesha biashara ya utumwa, na kwa kiasi fulani ulisaidia. Lakini anayetaka kujua kwa nini nchi zetu zilianguka upesi katika miaka iliyofuata asiusahau.

Katika Lee-Metford, baada ya kila pigo huna budi kukivuta kikomeo nyuma kwa mkono mpaka mwisho, kitupe ganda tupu, kisha ukisukume mbele kikokote fataki mpya kutoka sandukuni. Bunduki zinazojijaza zenyewe kwa nguvu ya pigo lake, ambazo siku hizi huko Marekani watu huziunga kwa mikono yao nyumbani kama sisi tunavyounga baiskeli, zilikuja madukani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Neumann hakuzihitaji, angesema. Mkono wake ulikuwa umezoea.

Katika safari yake kubwa ya pili aliyoianza mwaka 1895 alivuka nyika yote ya kaskazini mpaka Ziwa Rudolf, ambalo leo tunaliita Turkana, akafika ncha yake ya juu, karibu na Mto Omo. Wakati huo huo huku nyumbani mwambao ulikuwa unawaka: Waingereza wametangaza himaya yao mwezi wa Julai, na Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui amekataa, vita vimeenea kutoka Takaungu mpaka Gasi. Wapagazi wake hawakuwa na njia ya kujua kama nyumba zao zimesimama au zimechomwa.

Mwaka 1896 ulianza kwa misiba miwili kule ziwani. Mtumishi wake, ambaye yeye amemwandika Shebane na bila shaka ni Shaabani wetu, alikuwa kijana aliyemhudumia kwa uaminifu mkubwa. Jioni moja alishuka kuoga pale pale ambapo Bwana wake alikuwa ametoka kuoga punde hivi. Neumann alisikia ukelele, akageuka, akamwona kijana yuko katikati ya kinywa cha mamba mkubwa sana, ameshikwa kiunoni kama samaki katika mdomo wa korongo. Kisha maji yakafunga. Bunduki zote zilikuwako, na hakuna iliyoweza kusaidia. Hapakuwa na maiti ya kukosha wala kukafini. Kwa mujibu wa elimu yetu aliyekufa majini ana daraja ya shahidi, na yule kijana ana haki ya kusomewa Fatiha na kila anayesoma habari hii.

Na ndovu je? Neumann alikuwa anafuata kundi kwenye vichaka vizito. Ndovu jike akamjia. Akamlenga kwa utulivu kama alivyofanya mara mia kabla, akavuta kifyatulio, na kilichosikika ni tik. Chemba ilikuwa tupu. Kikomeo hakikuvutwa mpaka mwisho, kwa hiyo kiliporudi mbele kilipita juu ya fataki bila ya kuikokota. Upungufu wa kidole kimoja, pengine. Alikimbia, akaanguka, na yule jike akamfikia. Pembe moja ilipenya mkono wake na mbavu zikavunjika chini ya uzito wa mnyama. Kwa nini hakummaliza, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Waliomwokota ni watu wa Mombasa. Walimbeba mpaka kambini, wakamfunga majeraha, na kwa wiki nyingi walimlisha maziwa kwa sababu hakuweza kumeza kingine, mahali ambapo daktari wa karibu alikuwa mwendo wa miezi. Wangaliweza kumwacha. Pembe zilikuwapo, bunduki zilikuwapo, na hakuna serikali ambayo ingewauliza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Wale walikuwa ni watu wa mshahara wa rupia chache kwa mwezi, na bado walimsubiri apone, wakamrudisha polepole njia yote kupitia Meru hadi pwani, ambako waliwasili mwaka 1896, reli ya Uganda ikiwa imeanza kujengwa Kilindini.

Kitabu chake kuhusu safari hizo kilitoka London mwaka 1898. Ndani yake, pamoja na ndovu, mna vipepeo, kwani mtu yule aliyeua wanyama wakubwa kuliko wote alikuwa pia na wavu wa vipepeo, akivikusanya kwa uangalifu na kuwapelekea wataalamu. Kongoni mmoja wa kaskazini alipewa jina lake mwaka 1897. Hata mtu wa kumlaumu, kama mimi, hana budi kukiri kwamba alikuwa na jicho.

Na lawama ipo. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamemhesabu ndovu miongoni mwa wasioliwa, na kwa hiyo wale wapagazi waliokuwa wakikimbilia na visu kumchinja swala kabla hajakata roho, hawakuwa na haja na mlima ule wa nyama. Kumbe jina Nyama Yangu lilikuwa la kejeli kwao! Alichotaka mwenyewe ni pembe na furaha ya kupiga. Lakini tusijifanye watakatifu. Pembe zilipofika Mombasa zilipimwa kwa frasila na wafanyabiashara wetu, Waarabu na Wahindi na Waswahili, zikapelekwa Unguja, zikaenda Bombay, London na Connecticut kugeuzwa vitana, mipira ya biliadi na vidole vya kinanda. Kila mmoja katika mnyororo ule alipata chake, isipokuwa ndovu.

Baada ya kupigana katika vita vya Makaburu alirudi huku tena, safari hii akiwa na bunduki nzito za mitutu miwili zinazotumia kodaiti, za namna ambayo Rigby wa London aliianzisha mwaka 1898. Ile tik ya ziwani nafikiri haikumtoka masikioni, na mitutu miwili ina mitambo miwili, mmoja ukikataa uko wa pili. Aliwinda kaskazini mpaka mwaka 1906. Lakini dunia yake ilikuwa inafungwa. Sheria mpya za wanyama zilimpa mwenye leseni ndovu wawili tu, maofisa walianza kuhesabu pembe, na walowezi wenye ng'ombe na kelele walikuwa wanajaa. Alirejea Uingereza. Hakuwa na mke wala mtoto. Tarehe 29 Mei 1907, katika jiji la London, alijiua kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 56. Yaliyokuwa moyoni mwake siku ile sitayabuni.

Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Sehemu ya nyika ile ya chini ya Nyambene ilifanywa Hifadhi ya Meru mwaka 1966, na hata hivyo katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliingia na bunduki zinazojijaza zenyewe, wakaua ndovu na faru kwa kasi ambayo Neumann asingeiota. Hao hawakuwa na haja ya kumkaribia mnyama wala kungoja ageuke.

Nilifika Muthara mara moja, katika safari ya kumzuru rafiki aliyeoa kule. Soko lilikuwa limechangamka, mawingu yako juu ya Nyambene, na upande wa kaskazini nchi imeteremka kama bahari iliyokauka. Niliwauliza vijana waliokaa barazani kama wamewahi kusikia habari za Nyama Yangu. Walitazamana, kisha mmoja akanyoosha mkono kunionyesha bucha la ng'ambo ya barabara, akaniambia leo wamechinja mbuzi.